Winda, Nepi na Pampasi: Historia Fupi ya Nguo ya Mtoto na Majina Yake

Utangulizi

Makala haya yametokana na kosa tulilolifanya sisi wenyewe. Ofisi moja ilituletea kijitabu cha ushauri kwa wazazi wa watoto wachanga, ikitutaka tukipitie na kuyasanifisha maneno yake. Mahali palipoelezwa kwamba nguo ya mtoto ibadilishwe mara kwa mara, ifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, tuliridhika kuandika nepi. Neno hilo limo katika kamusi, ni fupi, na kila mtu analijua. Hatukuona sababu ya kulitafakari zaidi.

Muda si mrefu baadaye tulikuwa na safari ya kikazi upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, tukapumzika Busisi, katika Wilaya ya Sengerema. Kila msafiri wa Kanda ya Ziwa anapajua mahali hapo. Kwa miaka mingi aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na kwingineko kwa njia hiyo alivushwa kwa kivuko kutoka Kigongo, mpaka Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Hapo Busisi tuliwasomea akina mama wachache ukurasa ule wa kijitabu. Bibi mmoja aliyempakata mjukuu wake alicheka, akasema: "Mwanangu, nepi nani anaifua? Nepi ikijaa hutupwa. Hivi ninavyomfunga huyu ni vitambaa." Mama kijana aliyeketi karibu naye akasema kwa upole kwamba yeye alikwisha kufahamu kuwa serikali inawataka wafue pampasi ili zitumike tena.

Tulinyamaza. Neno tulilolidhani kuwa wazi lilikuwa limehama, nasi hatukuwa na habari. Ndipo tulipoona yafaa kuifuatilia historia ya nguo hii na majina yake, kwa kuwa jambo hili haliwahusu wanaistilahi peke yao. Linamhusu mwalimu anayefundisha somo la usafi, mfasiri wa vijitabu vya afya, na mtumishi wa umma ambaye maelekezo yake husomwa na mzazi mwenye mtoto mikononi.

Nguo kabla ya nepi

Kabla ya nguo za kigeni kuenea bara, watu wengi wa kandokando ya Ziwa walivaa ngozi, na baadhi yao nguo za magome ya miti. Ngozi iliyolainishwa ndiyo iliyombeba mtoto mgongoni. Nguo za pamba zilizoletwa na misafara ya biashara kutoka pwani ziliongezeka sana katika karne ya 19. Iliyovuma kuliko zote ilikuwa ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini-mashariki ya Marekani na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 konseli wake wa kwanza akafika Unguja. Nguo ile ikaitwa merikani.

Yafaa msomaji aiangalie habari ya jina hilo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, viliivuruga biashara ya pamba, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua nafasi kubwa katika soko letu. Hata hivyo jina halikuondoka. Nguo ya namna ile iliendelea kuitwa merikani, hata ilipokuwa imefumwa mbali kabisa na Marekani. Jina la mahali lilikuwa limekwisha kuwa jina la kitu. Jambo la namna hiyo tutaliona tena mbele.

Pamoja na merikani ilikuwapo kaniki, na mwishoni mwa karne hiyo ikazuka kanga katika miji ya pwani. Nguo hizi zote, kila moja kwa wakati wake, zilimfikia mtoto mchanga kwa njia moja. Doti mpya ilikuwa ya kutokea. Ilipofifia ikawa ya kushindia jikoni, kisha ikawa mbeleko, na ilipochakaa kabisa ikachanwa vipande vya kumfungia mtoto. Uchakavu huo ulikuwa na faida, kwa sababu kitambaa kilichofuliwa mara nyingi huwa laini, hufyonza maji upesi, wala hakimchubui mtoto. Mama aliyechagua kanga kuukuu badala ya mpya hakufanya hivyo kwa ufukara tu. Alifanya hivyo kwa maarifa.

Je, Kiswahili kilikuwa na jina la kitambaa hicho? Kilikuwa nalo. Kamusi zetu zinalo neno uwinda, ambalo pia hutamkwa ubinda, yaani nguo ipitishwayo katikati ya mapaja na kuchomekwa kiunoni. Na mtu avaaye hivyo husemwa kuwa amepiga uwinda. Zinalo pia neno winda, kwa maana ya kitambaa afungwacho mtoto mchanga. Maneno haya mawili yanakaribiana kwa umbo na kwa maana, na yote mawili yaelekea kukitaja kitambaa kwa jinsi kinavyofungwa. Asili ya kitambaa, bei yake, au mahali kilikofumwa, si hoja. Ikiwa ni merikani au kanga, maadamu kimepitishwa mapajani na kufungwa kiunoni, ni winda.

Kuingia kwa nepi

Neno nepi lilitufikia kutoka Kiingereza cha Waingereza. Wao husema "nappy", kifupi cha "napkin", neno ambalo asili yake ni Kifaransa, kwa maana ya kitambaa cha meza. Wamarekani husema "diaper", nalo hapo kale lilikuwa jina la namna fulani ya nguo yenye mapambo ya kufumwa. Kwa hiyo wenzetu nao walianza pale pale tulipoanzia sisi, yaani kwenye kitambaa kilichokuwa na kazi nyingine kabla ya kumfikia mtoto.

Nepi haikuja ikiwa neno tupu. Ilikuja na kitu chake: kipande cha mraba cha taulo au cha pamba nyeupe, kilichopindwa kingo, kikafungwa kwa pini ya namna ile iliyosajiliwa na Mmarekani Walter Hunt mwaka 1849. Ilikuja pia na mahali pake, yaani zahanati, hospitali, misheni na nyumba za watumishi wa serikali. Winda lilichanwa nyumbani kutoka katika nguo ya mama, lakini nepi ilinunuliwa dukani ikiwa tayari. Hapo ndipo maneno mawili ya kitu kilekile yalipopewa vyeo viwili. Aliyesema nepi alionekana amesoma, na aliyesema winda, au vitambaa, alionekana wa zamani.

Katika habari hii Mwanza ina mahali pake pa pekee. Nchi ya Wasukuma ndiyo iliyokuwa shina la kilimo cha pamba Tanganyika. Wakulima wake, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, waliunda vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Victoria. Hata hivyo, kwa muda mrefu pamba ile ilisafirishwa ikiwa robota, na mama wa mkulima akanunua nguo iliyotoka ng'ambo. Ndipo baada ya uhuru vikajengwa viwanda vya nguo nchini, Urafiki mjini Dar es Salaam na Mwatex mjini Mwanza, na khanga za pamba yetu zikaanza kumfikia mtoto wa kwetu zikiwa mbeleko, na hatimaye zikiwa winda.

Miaka ya kampeni na miaka ya uhaba

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi kubwa ya kuunda istilahi. Lakini istilahi za afya na malezi hazikutoka barazani peke yake. Chama kilichoanzishwa mwaka 1959, ambacho sote twakijua kwa jina la UMATI, kimebeba katika jina lake maneno uzazi na malezi bora. Uzazi wa majira ulisemwa kwanza, na baadaye uzazi wa mpango ukaenea zaidi. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana. Waliyojadili yalikuwa malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu, kwa maneno waliyoyatumia majumbani mwao. Vyoo vingi vilichimbwa kutokana na majadiliano hayo. Kwa maoni yetu, sababu moja ya kufaulu ni kwamba msikilizaji hakuhitaji kamusi.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanga na sabuni vilikuwa vitu vya kupangiwa foleni katika maduka ya ushirika na ya kaya. Wakati huo hapakuwa na ubishi kuhusu nguo ya mtoto. Mzazi wa mjini na wa kijijini, msomi na asiyesoma, wote walichana walichokuwa nacho, kikiwamo kitambaa cha nguo za mtumba, ambazo watu waliziita kafa Ulaya. Kikiitwa nepi au kikiitwa winda, kilikuwa kitambaa cha kufuliwa. Basi kamusi ziliweza kuyaweka maneno hayo mawili pamoja bila kumpotosha mtu.

Pampasi

Wakati huo huo nchi za ng'ambo zilikuwa zimeshika njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mmarekani Marion Donovan alibuni kifuniko kisichopitisha maji cha kuvalishwa juu ya nepi. Mwaka 1961 kampuni ya Procter & Gamble ikaanza kuuza nepi za kutupwa kwa jina la Pampers, ambazo Victor Mills alikuwa miongoni mwa waliozibuni. Katika miaka ya 1980 viwanda vikaanza kutia ndani ya nepi hizo chembechembe zinazofyonza maji mengi kuliko kitambaa chochote. Jina lenyewe lilitungwa kutokana na kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kudekeza. Kwa hiyo anayeomba pampasi dukani anaomba, bila kujua, kitu cha kudekezea.

Biashara ilipolegezwa masharti nchini tangu katikati ya miaka ya 1980, bidhaa hii ikaingia kidogo kidogo, kwanza mijini, kisha vituoni na magulioni. Leo huuzwa hata moja moja, kwa mzazi asiyeweza kununua pakiti. Na kama ilivyokuwa kwa merikani, jina la chapa moja likawa jina la kitu chote. Pampasi ni pampasi, ingawa imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Hatuoni ajabu. Dawa ya viatu tumekwisha kuiita kiwi, na vidonge vya kutuliza maumivu panadoli.

Jambo lililotupita ni lile lililofuata. Pampasi haikuja kukaa kando ya nepi. Ililivuta neno nepi upande wake. Kwa wazazi vijana wengi nepi na pampasi ni kitu kimoja, nacho hutupwa. Kitambaa cha kufua kikabaki bila jina rasmi. Ni vitambaa tu, au vipande vya kanga, yaani kitu cha mtu ambaye hakupata nepi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hatusemi neno la kuazima ni baya, maana Kiswahili kimeazima tangu zamani na kimenawiri. Tunasema tu kwamba mwenye kuazima hana budi kuangalia mara kwa mara kama nguo ingali inamsitiri.

Neno na afya ya mtoto

Huenda msomaji akauliza: je, kuna madhara gani kitambaa kikikosa jina? Madhara ni kwamba kitu kisicho na jina hakifundishiki. Kitambaa cha mtoto kina elimu yake, na elimu hiyo hudai maneno mahususi.

Kwanza, mtoto mchanga hubadilishwa nguo mara nyingi kwa siku. Dazani mbili za vitambaa humwezesha mama kufua leo na kuvalisha kesho. Pili, kinyesi hutolewa kwanza na kutupwa chooni, ndipo kitambaa kiloweke, kifuliwe kwa sabuni, kisuuzwe mpaka povu liishe, na ikiwezekana kichemshwe. Sabuni iliyobaki huchubua ngozi ya mtoto kama vile mkojo uchubuavyo. Tatu, kianikwe juani juu ya kamba, wala si majanini au kivulini, kisha kipigwe pasi pande zote mbili. Maana yuko nzi ambaye hutaga mayai katika nguo mbichi, na mabuu yake huingia ngozini mwa mtoto na kufanya uvimbe mfano wa jipu. Bibi zetu waliotumia pasi ya mkaa hata kwa kitambaa kikuukuu walikuwa na sababu.

Nne, na hili ndilo kubwa kwa watu wa Busisi na fukwe zote za Ziwa: kitambaa kisifuliwe ziwani. Maji yachotwe, yachukuliwe kando, na maji machafu yamwagwe mbali na ufuko. Kichocho kimeenea katika fukwe hizi. Mayai ya minyoo yake hutoka pamoja na kinyesi au mkojo wa mgonjwa, huanguliwa majini, na minyoo michanga hukua ndani ya konokono kabla ya kumrudia mwanadamu kwa kupenya ngozi yake. Mama asimamaye majini akifua aweza kuambukizwa, na kinyesi kinachosuuzwa humo chaweza kuwaambukiza wengine, kwa kichocho au kwa magonjwa ya kuhara. Pampasi nayo haina ruhusa ya kutupwa ziwani wala chooni, kwa kuwa plastiki yake haiozi na shimo hujaa upesi.

Sasa angalia: maelekezo ya kitambaa na maelekezo ya pampasi ni mawili tofauti kabisa. Hiki hufuliwa, ile hutupwa. Mfasiri anayeandika nepi kwa vyote viwili humwacha mzazi abahatishe. Kwa mama yule kijana wa Busisi, sentensi yetu sahihi kisarufi ilikuwa na maana ya kufua kitu kisichofuliwa.

Nani amsaidiaye mzazi?

Neno jingine linastahili kuguswa hapa. Katika matumizi ya zamani mzazi aliweza kuwa mwanamke aliyejifungua karibuni, ambaye yungali ndani akihesabu arobaini yake. Leo wazazi ni baba na mama, na hivyo ndivyo inavyofaa, kwa maana baba naye ana mikono ya kufulia. Lakini maana ile ya kale ilibeba jambo ambalo tusingependa lipotee. Mzazi alikuwa mtu wa kuhudumiwa. Walikuwapo bibi, shangazi, mkunga na jirani, ambao walimchotea maji, walimfulia na kumwonyesha jinsi ya kukunja kitambaa ili kisimbane mtoto kitovuni.

Baada ya uhuru msaada huo ulipata sura nyingine. Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioundwa mwaka 1962, ulianzisha vituo vya kulelea watoto mchana. Kliniki ya mama na mtoto ikawa mahali pa kukutanikia akina mama wa kijiji kizima. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni miongoni mwa wanaoyafikisha mafunzo ya malezi nyumbani kwa watu. Haya yote ni mema. Lakini hapo Busisi tuliona kwamba mjuzi wa vitambaa kuliko wote alikuwa yule bibi, na kijitabu chetu kilikuwa kimeandikwa kana kwamba hayupo. Tulipomwuliza, "Bibi, kwenu mlikiitaje?" alitujibu kwa dakika nyingi, akionyesha kwa mikono, na yule mama kijana akawa anasikiliza. Nusu ya yale aliyoyasema kuhusu kufua na kuanika tumeyaeleza hapo juu. Hatukuyapata ofisini.

Mapendekezo na hitimisho

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi hutuagiza tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, ndipo twende kwa wageni. Katika jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali. Twapendekeza ifuatavyo.

Winda, wingi mawinda, litumike kwa kitambaa cha mtoto cha kufuliwa na kutumiwa tena. Linafanana kwa sauti na kitenzi winda cha mwenye mshale na mbwa wake, lakini hatujui mtu atakayedhani kwamba mama anayefunga winda anakwenda porini. Mahali ambapo neno hili halijazoewa, mfasiri aliandike mara ya kwanza pamoja na maelezo, kwa mfano: winda, yaani kitambaa cha mtoto cha kufua.

Pampasi likubaliwe kuwa neno la kawaida, kwa herufi ndogo, kwa ile ya kutupwa. Watu wamekwisha kulipitisha, nasi tukilikataa tutajikataa sisi wenyewe.

Nepi libaki kuwa jina la jumla, ila lisisimame peke yake katika maelekezo ya kufua, kutupa au kununua. Hapo iandikwe nepi ya kufua au nepi ya kutupa.

Mwisho, kila kijitabu cha malezi kisomwe kwa sauti mbele ya wazazi wachache, pamoja na bibi mmoja angalau, kabla ya kupigwa chapa. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja. Sisi tulikisahihisha kijitabu kile na kukirudisha kwa wenyewe kikiwa na neno winda, na mahali pa neno nepi tukaweka maneno matatu: nepi ya kutupa. Tunamshukuru bibi wa Busisi, ambaye hakutuonea haya.